Bibi Asiyeaminiwa Beseni la Mtoto

Miaka kumi na tisa nilipika boha pale Kerenge, na miaka yote hiyo ungeniuliza kama ninakunywa pombe ningekuapia kwamba sinywi. Nilikuwa naonja. Boha ni pombe ya maji ya miwa, na mpishi hawezi kuuza kitu asichokijua. Kwa hiyo asubuhi naonja kama imeanza kuchacha, mchana naonja kama imekolea, jioni naonja kama haijaharibika. Mtu akiniuliza mbona macho mekundu namjibu ni moshi wa jikoni, hata siku ambayo sijawasha moto.

Kwetu binti akijifungua, mama yake mzazi ndiye anayekwenda kumtunza mpaka arobaini. Anampikia uji, anamkanda kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto. Ni heshima kubwa, na mwanamke akinyimwa watu wataulizana kafanya nini. Mimi nina mtoto mmoja tu, binti, ameolewa Handeni. Alipojifungua mara ya kwanza nilikwenda na khanga doti mbili mpya na chupa ya dawa ya kikohozi, ambayo ndani yake hamkuwa na dawa ya kikohozi.

Siku ya nne nilisinzia mjukuu akiwa mapajani, miguu yake imo kwenye beseni. Niliposhtuka mikono yangu ilikuwa mitupu. Binti alikuwa amesimama mlangoni, amemkumbatia mwanawe. Mtoto hakupata hata mafua. Na mimi, kwa akili zangu timamu za wakati ule, nikaanza kumgombeza binti kwa nini anaingilia kazi za watu wazima. Alinifungia mizigo, akanisindikiza stendi, akasema, "Safari njema, mama," kwa adabu zake zote. Ningependa anitukane. Arobaini aliimalizia mkwe mwenzangu, yaani mama wa mume wake, na mimi Kerenge nikatangaza kwamba nimerudi kwa ajili ya mgongo.

Kuacha niliacha sana. Niliacha kila Jumatatu. Niliacha Kwaresma, na Ramadhani nayo niliacha, kuwaunga mkono majirani. Mpango wangu niliouona wa maana kupita yote ulikuwa kuendelea kupika bila kuonja. Nikamwomba jirani yangu awe anaonja kwa niaba yangu. Siku ya kwanza nikamuuliza, ikoje? Siku ya pili nikamwambia aeleze vizuri, mbona anaeleza nusunusu. Siku ya tatu nikaona yule mwanamke hana ulimi, nikachukua kata mwenyewe.

Mikono ilipoanza kutetemeka kila asubuhi nilikwenda zahanati kuomba vidonge vya mikono. Muuguzi alinitazama, akanivuta pembeni, akasema huu ni ugonjwa wa pombe, na kwa mwili uliozoea namna ile kuacha ghafla peke yangu nyumbani kungeweza kuniua, waniangalie wao. Nilifurahi kidogo. Kumbe naumwa tu, si tabia mbaya. Akaongeza kwamba ugonjwa wenyewe hauishi, mgonjwa anaamka nao kila siku na kujitunza. Furaha ikanitoka.

Akanipeleka kwenye kikundi cha watu walioacha, kinachoongozwa na mwalimu mstaafu ambaye naye alikunywa mpaka akafukuzwa kazi. Siku ya kwanza nilijitambulisha kwamba mimi si mlevi, mimi ni mpishi. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Lakini Alhamisi iliyofuata nilirudi, na baada ya mwezi, zahanati wakiwa wameniangalia mpaka mwili ukakubali kukaa bila pombe, nikagawa mapipa yangu yote ya boha. Sasa nauza vitumbua, na ndiyo, naonja.

Mwaka mmoja na nusu ukapita sijagusa. Binti akapiga simu. "Mama, nimejifungua. Njoo unipikie." Sikuwa mtoto, nilisikia alivyosema: nimpikie. Kuogesha kulikuwa kwa mkwe mwenzangu. Nikaenda hivyohivyo, maana nilimtaka mjukuu hata kwa kumwona kupitia mlango wa jikoni.

Nilipika wiki nzima vizuri. Kisha mchana mmoja nikamwona binti anafungua chupa ya chai niliyomletea, anainusa kabla ya kumimina. Mwaka na nusu, na bado ananusa! Nikavaa kandambili nikatoka bila kuaga, na miguu haikuniuliza tunakwenda wapi, ikanifikisha mlangoni mwa kilabu cha pombe. Harufu ikanipokea kwa jina. Nikampigia mwalimu, nikamlalamikia binti yangu kwa kirefu. Alisubiri nimalize, akauliza, "Mama, umekula?" Sikuwa nimekula tangu asubuhi. "Nenda kale kwanza. Kasirika ukiwa umeshiba." Nikarudi nikala ugali na mlenda kwa hasira zote, na nilipofika kwenye sahani tupu hasira nayo ilikuwa imepungua sana.

Kesho yake mkwe mwenzangu alikwenda msibani kijiji cha pili. Saa nne maji ya mtoto yalikuwa tayari. Binti akaja hadi jikoni na mtoto, akasimama mbele yangu kitambo.

"Mama, mwogeshe."

Ningeweza kumpokea tu. Mikono yangu ilishaanza kunyooka. Lakini kule kwenye kikundi wameniharibu, siku hizi uongo unanikwama.

"Mwanangu, jana nilipotoka nilifika mlangoni mwa kilabu. Sikuingia. Lakini nilifika."

Nikajisemea, hongera, mwanamke, mara ya kwanza ulinyang'anywa kwa uongo, leo unanyang'anywa kwa ukweli. Nilitamani kulia.

Akachovya kiwiko kwenye beseni. "Maji yamepoa," akasema. "Ongeza ya moto, halafu umpokee."

Akavuta kigoda, akakaa magoti yake yakigusa yangu. Nilimwogesha mjukuu wangu kuanzia utosi hadi nyayo, na muda wote ule mikono ya mama yake ilikuwa chini ya mikono yangu, imekingwa, tayari kudaka. Sikumwambia aitoe.