Nafasi ya Marahaba

Enzi za ruksa, maduka ya Songea yalipoanza kujaa redio kaseti za kutoka ng'ambo, mimi nilikuwa fundi redio pale Bombambili, na nilijiona hakuna kisichotengenezeka mbele yangu. Kilichonitoa jasho ni chupa ndogo ya dawa ya macho.

Mama yangu alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima, na daktari alituambia wazi kwamba la kulia litabaki tu iwapo atatia matone mara tatu kwa siku bila kuruka. Asubuhi na jioni nilimtia mimi. Saa nane mchana nilikuwa kazini, naye peke yake nyumbani Mshangano, anasahau.

Nikaunda mtambo. Saa ya mezani ilipolia, ufunguo wake wa kengele ulizunguka na kugusanisha nyaya mbili, redio kaseti ikapata moto wa betri, na sauti yangu ikasema, "Mama, tia dawa."

Jioni ile nilimkuta amenuna, dawa hajaigusa.

"Mtoto gani anaingia kwangu na amri, hata shikamoo hana?"

"Mama, ile ni mashine."

"Sauti ni yako."

Nilifoka, maana hasira zangu ziko karibu. Kisha nikarekodi upya: "Shikamoo mama. Tia dawa." Kesho yake dawa haikutiwa tena. Alipomaliza kuitikia na kuniuliza nimeshindaje, maneno ya dawa yalikuwa yameshapita, hakuyasikia. Akangoja niendelee, akangoja weee, mpaka nikarudi.

Hapo niliogopa kweli. Jumapili baada ya misa nikamwamkia huku naangalia saa ya mkononi. Marahaba, hujambo, umeamkaje, kazini salama, umekula? Sekunde ishirini na moja. Niliona aibu, kwa sababu miaka yote mimi nilikuwa nikishaisikia marahaba tu, huyoo, nimeondoka. Nikarekodi shikamoo, nikaacha mkanda uzunguke kimya sekunde ishirini na tano, ndipo nikasema taratibu, "Mama, muda wa dawa umefika."

Miezi kadhaa baadaye nilirudi mchana bila kumwambia, nikasimama mlangoni. Sauti yangu ikamwamkia. Mama akaitikia, akaniuliza habari zote, akaniambia mahindi ya uani yametoa mbelewele, halafu akanyamaza na kusikiliza. Alipoambiwa muda umefika, alikuwa ameshainua uso, chupa mkononi. Tone likaingia.

Akajifuta shavu kwa ncha ya kanga, akageukia mlangoni.

"Na wewe uliyesimama hapo, vifungo umevifunga kombo."

Nikajitazama. Shati lilikuwa jeupe, na vifungo vyake vidogo, vyeupe vilevile. Nikavifungua kimoja kimoja na kuvifunga upya, nikilia kwa furaha mbele ya mama yangu.