Dawa ya Pamba

Juzi pale Mwingi niliona vijana waliovaa glavu wakipakia mikebe mikuukuu ya dawa ya pamba kwenye lori la serikali. Siku hizi wanaiita sumu. Harufu yake kali ikanirudisha nyumbani.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, bwana shamba alisimama mlangoni, jasho likimtiririka. "Mama Mwende, leta ile dawa ya pamba. Serikali imeipiga marufuku."

Mimi nilijua dawa huponya, nikadhani anataka kutunyang'anya, basi nikaukalia mkebe na kuufunika kwa rinda langu.

"Mmeitumia shambani tu?" akauliza, sauti imepanda.

Mama akamfungua mdogo wangu kutoka mgongoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa ule unga wa dawa.

"Alikuwa na chawa," akasema.