CD Yenye Kufuli

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu hapa Lushoto, nami nilikuwa naimba sauti ya pili. Katika maisha yetu ya ndoa tuligombana kuhusu watoto, kuhusu shamba na kuhusu ndugu zake, lakini hakuna jambo tulilogombania kwa muda mrefu kama ile CD. Nasema kugombana, ila hakuna aliyepaza sauti. Yeye akikasirika huongea polepole zaidi, na mimi huchukua jembe nikaenda kupalilia karoti.

Hasira yake ilikuwa na chanzo, nami sikuwahi kuibeza. Wakati wa ruksa, vitu vya kila namna vilipoanza kujaa madukani, hata nyumba za huku milimani zilipata redio kaseti. Kwaya yetu ikashuka Tanga kurekodi kanda ya kwanza. Nyimbo zote alitunga yeye, jioni, akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akizijaribu kwa midomo kabla ya kuziandika. Tuliuza kanda kidogo kanisani, kisha mauzo yakakata ghafla. Hatukujua kwa nini mpaka siku ya gulio la Soni, mume wangu alipokuwa anatafuta mbegu za kabichi akasikia wimbo wake unalia kwenye meza ya muuza kanda.

"Hii kwaya ya wapi?" akamuuliza.

"Ya Arusha hiyo, kaka. Chukua, inatoka sana."

Akaishika. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya watu asiowajua, wamevaa majoho meupe. Akainunua. Alipofika nyumbani aliiweka mezani mbele yangu, akala chakula chake chote. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Wametuhamishia Arusha."

Kwa hiyo miaka ilipopita, kanda zikaanza kuachwa na watu wakaanza kununua deki za CD, mume wangu alikuwa amejiandaa. Tulirekodi tena Tanga, kwenye studio nyingine iliyokuwa na kompyuta. Fundi wa pale akamweleza kwamba siku hizi nyimbo ni rahisi kuibwa kuliko zamani: mtu anaingiza CD yako kwenye kompyuta, anakunywa soda, na nakala zimeshatoka, safi kama yenyewe. Lakini, akasema, ipo programu ya kuifunga. CD ikiingizwa kwenye kompyuta, inagoma.

"Ifunge," mume wangu akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikisubiri. Nikauliza, "Na kwenye deki itaimba?"

"Deki nzuri, mama, itaimba tu," fundi akajibu.

Lile neno "nzuri" sikulipenda. Deki tulizokuwa nazo huku juu zilikuwa za bei rahisi, majina yake yamekosewa herufi moja ili yafanane na ya kampuni kubwa. Nikamwambia mume wangu tukiwa njiani kurudi.

"Mtu akiingia shambani kwangu akachuma kabichi, mnamwita mwizi," akasema. "Akichukua wimbo wangu mnamwita mpenzi wa muziki."

"Kabichi ikichumwa haipo tena shambani. Wimbo bado unao."

"Wimbo ninao. Mnunuzi sina."

Nilitazama nje, gari likikata kona za kutoka Mombo, maporomoko ya maji yakipita upande wa pili.

CD tuliziuza kwa mara ya kwanza kwenye sikukuu ya mavuno. Watu walinunua vizuri. Hata jirani yetu Mwislamu, anayesafirisha mboga kwenda Dar es Salaam, alinunua moja kwa sababu mke wake alikuwa anazipenda nyimbo zetu akizisikia tukifanya mazoezi. Huyo ndiye alikuwa wa kwanza kurudi. Alipiga hodi asubuhi, akaamkia vizuri, akakaa, akauliza habari za watoto, ndipo akaitoa CD kwenye mfuko wa koti.

"Mwalimu, sijaja kudai kitu. Nataka kujua tu hii ina nini ndani. Inazunguka, inanguruma, halafu inanyamaza."

Mume wangu akamwambia pengine deki yake ina vumbi. Jirani akakubali kwa adabu, akaenda zake. Lakini baada yake alikuja mzee wa kanisa, kisha mwenzetu wa sauti ya kwanza, na wote nikawasikia wakiambiwa habari ya vumbi.

Jumapili iliyofuata tulipanda Magamba kwa mama mkwe. Alikuwa amewaalika majirani waje wamsikie mwanawe. Walikuwa wamejaa sebuleni, baadhi wamekaa kwenye mkeka, na mama mkwe mwenyewe amejifunga kanga mpya. Tuliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, tukapewa viti. Mume wangu akaiingiza CD kwa mkono wake mwenyewe. Ikazunguka. Ikanguruma. Ikanyamaza.

Akaitoa, akaifuta kwa shati, akaiingiza tena. Watu wakawa wanaitazama deki kama wanavyomtazama mgonjwa.

"Mama, deki yako imechoka," akasema.

Mama mkwe hakubisha. Aliinuka, akachukua CD ya harusi ya mjukuu wake, akaiweka. Mara bibi harusi huyo anacheza kwenye televisheni, na vigelegele vimejaa nyumba nzima. Mama mkwe akaiacha icheze kidogo, kisha akasema kwa Kishambaa kwamba chai inapoa. Tukanywa chai tukitazama harusi ya watu tuliokwisha kuwatazama wakioana. Hakuna aliyetaja kwaya tena. Mume wangu alishika kikombe chake muda mrefu bila kunywa, nikamhurumia kuliko siku yoyote niliyopata kumhurumia.

Wiki ile aliitisha kikao cha kwaya. Alisimama mbele yetu akasema wazi: "CD inakataa kwenye deki nyingi. Si vumbi. Ni kufuli tuliloweka." Akaeleza kwamba fundi anaweza kutoa nyingine zisizofungwa, na waliozinunua za kwanza wabadilishiwe. "Lakini mjue maana yake. Ya Soni yatarudi."

Mzee mmoja wa sauti ya nne akasema kufuli libaki, watu wanunue deki nzuri. Wengine wakacheka. Mama mmoja mwenye genge la matunda pale stendi akauliza, "Tuliimba ili tusikike au ili tusiibiwe?" Mume wangu akamgeukia. "Dada, mimi nataka vyote viwili. Ni dhambi?" Yule mama akasema hapana, si dhambi, na akaonekana anasema kweli.

Nilinyoosha mkono. Nilisema aliyenunua kwa uaminifu ndiye aliyefungiwa mlango, na mwizi wa Soni hata hajatoka kitandani kuja kuiba. Mume wangu alinitazama. Sikuwahi kumpinga mbele ya kwaya. Lakini alipopigisha kura alihesabu mikono bila kinyongo, wa kufungua walikuwa wengi, naye akaandika hivyo.

Yakatokea yote aliyoyasema. CD za wazi ziliimba kila mahali, na baada ya muda mfupi hakuna aliyekuja kununua. Kinanda kipya tulichokusudia kukinunua kwa fedha za CD hatukukipata. Tuliendelea na kile cha zamani chenye vitufe viwili visivyolia. Upande mwingine, tulianza kuitwa. Walituita Bumbuli, wakatuita Mgwashi kwenye ufunguzi wa kanisa, na watu walikuwa wanajua maneno kabla hatujafungua midomo. Mume wangu alifurahi akiwa huko, na akirudi nyumbani alikuwa anasema, "Wote hawa wangenunua, mama." Mimi nilikuwa namjibu kwamba kufuli lingebaki, wasingetujua. Tulirudia maneno hayo mpaka watoto wakawa wanayamalizia.

Miaka kadhaa baadaye dada yangu, aliyeolewa na mfanyakazi wa kiwanda cha chai kule Bulwa, aliozesha binti yake. Tulikwenda. Kanisani ilisimama kwaya ya wachuma chai, ikaimba wimbo wa mume wangu. Nilimshika mkono. Akatabasamu, halafu nikamwona anakunja uso, anainamisha kichwa, anasikiliza. Sauti ya nne, ile besi, haikuwa aliyoitunga. Ilikuwa inashuka mahali ambapo ya kwetu inasimama, kisha inapanda yenyewe, nyuma ya wengine.

Baada ya ibada alimfuata kiongozi wao, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito.

"Hii besi mmeitoa wapi?"

"Ya awali hatukuisikia," yule akasema. "Wimbo tulikuwa nao kwenye simu, na spika ya simu haitoi besi. Basi tukatunga ya kwetu. Tumeharibu, mwalimu?"

"Iimbeni tena."

Wakasimama palepale nje, watu wakipita na masinia ya pilau, wakaimba. Mume wangu akafumba macho. Walipomaliza akawaomba sauti ya nne peke yake, na akaifuata kwa kunong'ona mpaka akaishika.

Tulipokuwa tunarudi, gari likiteremka kuelekea Muheza, nilimsikia anaiimba polepole dirishani.

"Utaifundisha kwaya yetu?" nikamuuliza.

"Nimemwomba ruhusa."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alinishangaa kwamba naomba." Akapandisha kioo cha dirisha. "Nikamwambia mimi sichukui wimbo wa mtu bila kuomba. Akasema basi, chukua."

Alhamisi iliyofuata, kwenye mazoezi, aliwaambia wanaume wa sauti ya nne wasimame mbele, akawaambia besi mpya imetungwa Bulwa, akaanza kuwafundisha.