Siku Nilizofundisha Watoto Kucheka Kitabu

Bado naiona vizuri, mwanangu, ile siku mlango wa mama yangu ulipogeuka ubao wa shule. Nilikuwa na miaka kumi na minane, kazi yangu kupakia magunia kwenye gare, stesheni ya treni ya Kamina, darasa langu la mwisho la tano, lakini ndoto zangu, ee, zilikuwa hazina darasa! Niliponda makaa ya betri kuukuu, nikayachanganya na maji ya majani ya muhogo, nikapaka mlango mweusi tii. Kila alasiri watoto wanane wa cité, mtaa wetu, walitoka shule wakaja uani kwetu, nami nikawaongezea Kifaransa. Mama akitaka kupita na sufuria yake, somo zima lilifunguka pamoja na mlango, na watoto wakageuza shingo kulifuata. Nilijiona direkta, mkuu wa shule kabisa.

Sasa nikwambie kosa langu. Sisi Waluba ulimi wetu haupendi r, tunaweka l. Kazini niliwahi kusema "gale" badala ya "gare", na vijana wenzangu wakaniita Bwana Gale mwezi mzima. Nikaapa: l haitatoka tena kinywani mwangu. Kila nilipoikuta kwenye Kifaransa, nikatia r. Na hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu.

Mwepesi kuliko wote alikuwa Ngoie, binti wa fundi wa reli. Alijiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya masista, asomee ualimu. Nafasi zilikuwa chache, na baba yake alishasema wazi: akikosa, anakwenda Malemba-Nkulu kwa nyanya yake kulima.

Alasiri moja akainua kidole, akamtaja masere, yaani sista aliyewafundisha shuleni.

"Mwalimu, masere anasema lire. Weye unasema rire. Njo gani ya kweli?"

Nilijua? Sikujua! Lakini watoto saba wengine walikuwa wananitazama.

"Masere iko Muflama wa kule Ubelgiji," nikasema. "Kifaransa naye alijifunza tu, kama siye. Fuata minyi, mwalimu wako."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Ngoie akaandika.

Siku tatu kabla ya mtihani akapita Tata Kayembe, jirani yetu, karani mzee wa Kimethodisti asiyetoka bila tai. Akamwomba Ngoie amwambie kwa Kifaransa anafanya nini na kile kitabu. Ngoie akasimama wima.

"Je ris un rivre!"

Tata Kayembe alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanivuta pembeni.

"Rire njo nini?"

"Kusoma, Tata."

"Kusoma njo lire, je lis. Rire iko kucheka, je ris. Huyu mutoto ananiambia anacheka kitabu." Akafuta miwani polepole. "Weye uliogopa bantu bakucheke. Sasa unatuma mutoto akachekwe pa nafasi yako?"

Mwanangu, afadhali angenipiga kofi.

Nilirudi mbele ya ule mlango. "Nimekosea," nikawaambia watoto. "Ngoie ndiye aliyekuwa sawa. Naanza tena." Nikampa Ngoie chaki, nikakaa chini katikati yao.

"Ulimi nyuma ya meno, Mwalimu," akaniamuru. "Aah, si vile! Unatutemea mate!"

Tulicheka, tulipiga kelele, siku tatu uani ni la, le, li! Hata mama alisonga bukari, ugali wetu, akiimba la, le, li.

Siku ya mtihani nilisimama nje ya ukuta wa misheni tangu asubuhi. Ngoie akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Mwalimu! Nilisema je ris!"

Nikaacha ukuta, nikamkimbilia.

"Babinti bote bakacheka! Minyi nikasema kama weye pale pa mulango: nimekosea, naanza tena. Nikaanza tena, nikasoma mpaka mwisho. Masere akaandika jina yangu! Nimeingia, Mwalimu!"

Nilimbeba begani mpaka kwa baba yake nikipiga kelele kama treni.

Basi wewe, mwanangu, unayewafundisha wadogo zako baada ya shule, nisikilize. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, mkalitafute pamoja. Akikuonyesha kosa lako, mpe chaki. Kuchekwa kunapita, Bwana Gale walimsahau mwezi ule ulipokwisha. Ila kosa unalomfundisha mtoto ili wewe usionekane mjinga, atalibeba yeye. Kifaransa nilichompa Ngoie, nusu yake ilikuwa uongo. Maneno yale tu ya pale mlangoni ndiyo yaliyomvusha, na hayo niliyasema kwa Kiswahili.

Mungu akupe watoto wasiochoka kuuliza. Akupe moyo wa kuanza tena mbele yao. Na mlango wa nyumba yako usikose alama za chaki.