Pembe ya Mama Koili

Mtaani walimwita Mama Koili, naye hakuwa na neno. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisuka upya koili za mota zilizoungua, za feni na za pampu, na waya wa shaba ulimtii kuliko marehemu mumewe alivyowahi kumtii. Lakini fizikia, aliyojiandikishia mtihani ukubwani, ilimtoa jasho.

Kila Jumapili alasiri bintiye, mwalimu katika nchi ya mbali, alimpigia simu kumfundisha. Kabla ya masomo haya walikuwa wakiulizana hali ya hewa, dakika tatu wameagana. Sasa saa nzima ilikatika. Mama aliitamani sauti ile wiki nzima, na aliogopa jambo moja tu: akishaelewa, mazungumzo yatakwisha.

Heri kulikuwa na fluksi ya sumaku, kipimo cha nguvu ya sumaku inayopenya koili. Koili ikiwa imeielekea sumaku uso kwa uso, pembe yake na uga wa nguvu hiyo ni ngapi? Kila wiki alijibu tisini. Msuka mota hupima kila kitu kuanzia kwenye waya, naye akapima hivyo hivyo, hesabu ikamwambia hakuna fluksi inayopita.

"Mama, pima kutoka kwenye vekta ya eneo. Ni mshale unaosimama wima juu ya uso wa koili."

"Koili nimezishika maisha yangu yote, sijachomwa na mshale hata mmoja."

Ijumaa, kwenye meza yake ya kazi, aliziba uwazi wa koili kwa kipande cha boksi, akachomeka penseli katikati. Akaiinamisha koili, penseli ikainama nayo. Akaielekeza kwenye sumaku, penseli na uga wa sumaku vikashika njia moja. Pembe ni sifuri, fluksi yote inapita! Alicheka peke yake, kisha simanzi ikamwingia.

Jumapili alidhamiria kujibu tisini.

"Haya, pembe ngapi?"

Fahari ikamshinda. "Sifuri."

Binti alishangilia, akamsifu, na somo likawa limekwisha.

"Huko mvua inanyesha?" binti akauliza.

Mama akaikaza simu sikioni. "Nimekukumbuka, mwanangu. Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayevuta kamasi.

"Mama, ilibidi tupitie sumaku zote hizo ndiyo uniambie?"