Yangeyange saba, kuelekea Masisi

Leo daftari langu la ndege nusura litufungishe.

Asubuhi ya baridi, mimi na rafiki yangu Furaha tuko Munigi. Mbele hapaendeki, vita imefunga barabara.

Askari wa kizuizi akasoma daftari: "Saa mbili, kumi na wawili, kuelekea Masisi." Akaniangalia. "Hawa kumi na wawili ni nani?"

"Ni yangeyange, chef. Tunahesabu ndege."

"Basi tungoje. Wasipopita wengine, mutalala kambi ya jeshi, Katindo."

Tukakaa juu ya mawe ya volkano. Mbingu tupu. Furaha akatoa rozari.

Saa nzima!

Halafu wakapita saba, weupe. Askari akawahesabu kwa kidole, polepole, akanirudishia daftari.

"Andika saba. Leo watafika kwetu Masisi. Mimi hapana."

Nimeandika. Mulio Masisi, mukiwaona, muniambie.