Rudia Hapo pa Mvua

Jumapili iliyopita nilimkuta Baba ameupakata mkoba wake wa barua. Alistaafu kazi ya posta zamani, na sasa haoni tena. Harufu ya ile ngozi kuukuu ilinirudisha kijijini Matiliku, mchana mmoja wa likizo nilipokuwa mtoto, aliponibeba kwa baiskeli hadi kwa Susu Kalondu, bibi mmoja asiyejua kusoma.

Susu alikuwa akipepeta ndengu. Alisimamisha ungo, akauliza, "Kijana wangu ameandika?"

"Ameandika, Susu," Baba akasema. Akakunjua karatasi, akasoma polepole kwamba kijana yuko salama, na mvua ikinyesha atakuja kulima.

"Rudia hapo pa mvua," Susu akasema, akiziangalia ndengu zake. Baba akarudia.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba. Kwenye karatasi niliona picha ya ng'ombe na tangazo la dawa ya kupe. Niliamini kwamba watu wa posta hufundishwa kusoma maneno ambayo sisi wengine hatuyaoni, na njia nzima ya kurudi nilijivunia baba yangu.

Sasa ni kaka yangu aliyenyamaza, mwaka wa tatu huu.

"Kaka yako ameandika?" Baba aliniuliza hiyo Jumapili.

Nilitazama simu. Hakukuwa na kitu.

"Ameandika, Baba. Anasema yuko salama, na mvua ikinyesha atakuja."

Nilisema hivyo bila kusikia lolote moyoni. Baba alipapasa kifungo cha mkoba, akakifunga.

"Rudia hapo pa mvua," akasema.

Nikarudia. Kumbe hata Susu alijua kwamba hapakuwa na barua.